Waraka wa Mashimo ya Viazi

Kazi yangu ni kupima jinsi maneno ya serikali yanavyosafiri. Watu wakiniuliza sokoni nafanya nini, nasema niko ofisini, basi, maana nikieleza kwa kirefu hunitazama kana kwamba nimewaambia napima kivuli kwa mizani. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Wizara ikitoa waraka kuhusu teknolojia fulani, mkoa unautoa upya kwa jina lake, kisha mji, kisha wilaya, na tarafa inaubandika ukutani. Sisi pale Taasisi ya utafiti tunazikusanya nyaraka hizo zote, kompyuta inazisoma, na inatuonyesha sentensi ipi imetoka wapi, imefika wapi, na imekwenda kwa kasi gani. Kila ofisi inapewa alama. Mwishowe inatoka ramani ya nchi yenye vitone vyekundu, na wakubwa huvipenda sana vitone vyekundu.

Mkuu wangu, Geng, si mtu mbaya, ila ni mtu wa kusifu. Akiingia msibani atamsifu marehemu kwa utulivu wake. Vuli ile alitaka kitu kipya cha kuwaonyesha wakubwa: sera iliyozaliwa chini ikapanda juu, kwa sababu kila mtu anajua maneno ya serikali huteremka, na ni nadra kuyaona yakipanda. Kompyuta ikatafuta, ikapata sentensi moja. Akaniita, kikombe cha chai mkononi.

"Suxia, hebu njoo uone maajabu. Sentensi imetoka wilaya ya milimani huko, wilaya ambayo hata jirani zake hawaijui. Imepanda mkoani, imefika wizarani, imeshuka tena nchi nzima. Hakuna iliyosafiri ikaifikia hii. Sikiliza."

Akaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "'Kabla ya theluji ya kwanza, bwana shamba atafika kila nyumba yenye shimo la viazi, ataweka bomba la kupitisha hewa, na atamfundisha mwenye nyumba kushusha taa kwanza kabla mtu hajashuka.' Unaona ilivyo fupi? Tena wilaya yenyewe ni Qinggou. Si ndiko kwenu?"

"Ndiko," nikasema. Sentensi ile iliandikwa miaka mingi nyuma kwenye meza yetu ya kulia chakula. Aliyeiandika ni baba yangu, Miao Deshun, nami nilikuwa nimekaa naye.

Kwetu kila nyumba ina shimo la kuhifadhia viazi vitamu wakati wa baridi. Linachimbwa kama kisima, kina cha watu wawili waliobebana mabegani, na chini kabisa lina chumba pembeni. Viazi navyo hupumua. Vikifungiwa muda mrefu huimaliza hewa njema yote, ikabaki hewa isiyo na rangi wala harufu, na anayeshuka humo hulala kabla hajajua kwamba analala. Mdogo wangu Qiusheng alikuwa amebakiza mwaka mmoja amalize sekondari. Mama alimtuma viazi vya kutia kwenye uji wa mtama wa jioni. Alishuka akipiga mluzi, na mluzi ukakatika. Mama alitaka kumfuata. Majirani wakamshika nguo, wakamshika nywele, mmoja akamkalia kabisa, kwa sababu mashimo yale hayaridhiki na mmoja, humchukua pia anayekwenda kuokoa. Hivyo ndivyo mama alivyonusurika, kama kule ni kunusurika. Hakugusa kiazi tena maisha yake yote, na hayakuwa maisha marefu.

Baba alikuwa bwana shamba kwenye ofisi ya sayansi ya wilaya. Siku hiyo alikuwa kijiji cha mbali akiwafundisha watu kuunganisha matawi ya mitofaa. Aliporudi alimkuta mwanawe ameshalazwa uani juu ya ubao wa mlango, kama tunavyowalaza wafu wetu. Hakulia mbele za watu. Matanga yalipokwisha alitafuta mabomba, akayaweka kijiji kizima nyumba kwa nyumba, na mwenye ubishi alimshushia taa shimoni mbele ya macho yake aone inavyozimika. Kisha akaandika sentensi ile, akamganda mkuu wake mpaka ikaingia kwenye waraka wa wilaya wa teknolojia za kilimo. Wenzake walitaka kuirefusha, waiwekee "kwa kuzingatia" hili na "kwa kuimarisha" lile. Akakataa. Aliwaambia sentensi ndefu haiingii shimoni.

Sasa alikuwa akiishi kwangu, mjini, mapafu yamechoka, mpira wa oksijeni puani, na mashine yake inanguruma pembeni mwa kitanda mchana kutwa. Nilipomweleza jioni ile aliweka kijiko chini.

"Nchi nzima?"

"Karibu nchi nzima, baba. Kaskazini yote. Hata kusini."

"Kusini kuna mashimo ya viazi?"

"Hilo sijui. Kompyuta inasema sentensi imefika."

Akacheka mpaka kikohozi kikambana, nikamsugua mgongo. Kikohozi kilipotulia alilimaliza bakuli lake la uji, na hakuwa amemaliza bakuli tangu vuli ianze. Nikafurahi kama mpumbavu. Nilikuwa naondoa vyombo aliposema:

"Na mabomba?"

"Mabomba gani?"

"Usijifanye mjinga, Xia. Sentensi ina bomba ndani yake. Nakuuliza bomba limefika wapi."

"Kompyuta haioni mabomba, baba. Inaona maneno."

"Basi mnahesabu kuku kwa kusikiliza kelele." Akavuta pumzi, akanifanyia ishara nikae. "Mimi nakwenda, mwanangu, tusidanganyane. Huyo daktari wako anakunong'oneza koridoni kana kwamba mapafu yangu yana masikio ya kumsikia. Huko nitakutana na mama yenu, na namjua, hatanisalimia. Ataniuliza: Deshun, mtoto wetu alimfaa nani? Nataka jibu la kumpa. Kijiji chetu usihesabu, kile nilikifanya mwenyewe. Nataka nyumba moja tu, huko mbali, mtu hamjui Qiusheng wala mimi, ameshuka akapanda tena kwa sababu ya ile sentensi. Moja tu. Simu unayo, ofisi unayo, na kichwa kigumu umerithi kwa bibi yako. Uliza."

Nikaanza na waliopata alama nyingi kuliko wote, mji mmoja wa pwani ya kusini. Aliyepokea alikuwa mwanamume mchangamfu, nilimsikia anatafuna kitu.

"Mashimo ya viazi? Dada yangu, sisi huku tunafuga chaza."

"Lakini waraka mliutoa. Tena mliutoa mara tu mkoa ulipoutoa."

"Tuliutoa, ndiyo. Hatuchelewi sisi."

"Na mmeandika 'kabla ya theluji ya kwanza'."

Kutafuna kukasimama. "Theluji mimi nimeiona kwenye televisheni," akasema. "Lakini hebu nikuulize, dada. Mkoa ukishasema theluji, mimi ni nani niseme kwetu hakuna?"

Tukacheka wote wawili. Wala hakuwa mvivu yule. Hivyo ndivyo tulivyo, toka juu mpaka chini: ukipunguza neno la mkubwa utaulizwa kwa nini umelipunguza, na ukilibeba lote lilivyo hakuna atakayekuuliza chochote. Kwa hiyo wafuga chaza walitoa waraka wa mashimo ya viazi, na huko nyikani penye kondoo na upepo mtupu wakautoa pia, kila mmoja akisubiri theluji ya kwanza na bwana shamba wake. Jioni nilimsimulia baba habari ya chaza, akacheka tena, ila safari hii aliniangalia.

"Nenda kaskazini," akasema. "Kwenye viazi."

Huko kaskazini sikucheka. Nilipiga wilaya moja, wakanijibu sera imetekelezwa. Imetekelezwaje? Tumeiteremsha kwenye tarafa. Nikapiga tarafani: tumeiteremsha vijijini. Nikampata mwenyekiti wa kijiji, mzee wa watu, akanihakikishia kwamba waraka umebandikwa mahali pazuri, haunyeshewi. Na mabomba? "Mabomba gani?" Wilaya baada ya wilaya, mkoa baada ya mkoa, wote waliniuliza swali lile lile, mabomba gani, kwa sauti ile ile niliyomwulizia baba. Nilikuwa nikiweka simu chini kwa hasira, halafu naiinua tena.

Geng akaja kusimama kwenye meza yangu.

"Suxia, ramani inapendeza kama shuka ya maharusi, nawe unaniharibia simu za ofisi. Sisi tunapima kuenea kwa sera. Mabomba yametoka wapi?"

"Kama sera imeenea na bomba halipo, mkuu, kimeenea nini?"

"Sera," akasema kwa upole wa kweli. "Utekelezaji ni idara nyingine. Wako ghorofa ya juu yetu." Alikuwa anajua habari za baba, siyo kwamba hakujua. Kesho yake aliniletea kopo la asali ya kumpelekea mgonjwa.

Kwa uchungu nikageukia upande ambao kompyuta ilikuwa imeuacha mweupe, wilaya zisizo na kitone hata kimoja, ambazo kwenye ripoti yetu tuliziita nzito. Nikachagua moja ya mabondeni, yenye viazi, nikapewa bwana shamba anayeitwa Bi, ndilo jina la ukoo wake.

"Mabomba? Yapo," akasema. "Hapa kwetu kila nyumba."

Nikasimama. Nilimwuliza kama waliupata waraka wa mkoa au wa wizara.

"Waraka wa nini?"

"Wa mashimo. Nani aliwaambia muweke mabomba?"

"Ndugu wawili wa nyumba ya kina Hao," akasema. "Mmoja alishuka, wa pili akamfuata kumtoa. Mkubwa alikuwa aoe wiki ile, chakula cha harusi kilikuwa kimeshapikwa, ndicho tulichokula msibani. Baada ya pale hakuna aliyengoja kuambiwa, dada. Watu walichomoa mabomba hata ya majiko yao."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Bwana Bi akanitajia vijiji vingine alivyovisikia kuwa na mabomba, na mabwana shamba wa huko wakanitajia vingine. Nikavipigia vyote. Mara ya kwanza niliuliza nani aliwaagiza. Baadaye niliacha, nikawa nauliza tu, mlimpoteza nani? Na kila penye bomba walikuwa na jina la kunitajia. Binti aliyekuja likizo kutoka chuoni. Bibi na mjukuu wake. Mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa akiwafundisha watoto sayansi. Nilitafuta kijiji kimoja kilichoweka mabomba kwa kusoma, siyo kwa kuzika, na nilitafuta kwa bidii ambayo sijawahi kuitia katika kazi ya mshahara. Sikukipata.

Niliwaza kumdanganya baba. Ningemtajia kijiji chochote, angejuaje? Ila uso wangu haujui uongo, na yeye ndiye aliyekuwa akinifukuza nyumbani nikiwa mtoto kila wakaguzi wa mkoa walipokuja kuangalia mbuzi wa mradi ambao hawakuwepo, uso huo usije ukamfichua. Nilipoingia alikuwa amekalishwa kwenye mito, amenyolewa ndevu na mlezi, ananingoja.

"Umepata," akasema. "Nasikia unavyotembea. Yapo mabomba?"

"Yapo, baba. Sehemu chache."

Uso wake ukafunguka, nikatamani niishie hapo, nigeuke niende jikoni.

"Wapi?"

Nikamtajia vijiji. Alirudia majina polepole, kama mtu anayeyaweka mfukoni.

"Waliisoma?"

Nilikaa kitandani, nikamshika mguu kupitia blanketi. "Hawakuisoma, baba. Walizika."

"Wote?"

"Wote niliowapata."

Mashine ya oksijeni ilinguruma. Nje watoto wa jirani walikuwa wanapigana na mipira ya theluji, maana kwetu mjini ilikuwa imeanguka asubuhi ile. Baba aliangalia mikono yake.

"Kwa hiyo Qiusheng ametosha kijiji chetu tu," akasema.

Nikamwambia asiseme hivyo. Nikamwambia nchi ni kubwa, sijapiga simu kila mahali, huenda, pengine. Nilisema maneno mengi, na katikati yake nikaanza kulia, mtu mzima, mwenye mvi. Yeye hakulia. Aliningoja nimalize, akanifuta uso kwa ncha ya shuka, halafu akasema nipige simu tena.

"Kumpigia nani sasa?"

"Yeyote. Penye viazi. Ila usitaje waraka, Xia. Waraka wameuona. Mwambie habari ya kijana. Mwambie ule mluzi."

Nikachagua wilaya moja kaskazini zaidi, ambayo siku chache nyuma ilinijibu imetekeleza. Nikaiweka simu juu ya blanketi, sauti wazi, ili na yeye asikie. Akapokea msichana wa ofisi ya sayansi, sauti changa, huenda kazi yake ya kwanza. Sikumwambia natoka Taasisi. Nilimwambia mimi ni dada yake Qiusheng.

Nikamsimulia. Sikuwahi kuisimulia habari ile yote mahali popote, hata kwa mume wangu nilipokuwa naye. Nilimwambia uji uliokuwa jikoni, mluzi ulivyokatika katikati ya wimbo, jirani aliyemkalia mama huku naye akilia na kumwomba radhi. Nilimwambia ubao wa mlango, na jinsi tulivyoishi majira yale ya baridi na tundu la mlango lililofunikwa kwa mkeka, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuurudisha mahali pake. Nilimweleza taa. Funga taa kwenye kamba, ishushe, ikizimika usishuke. Bomba liwe refu lifike chini. Upande wa pili nilimsikia yule msichana anavuta kamasi. Alikuwa analia kweli, na baba aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Dada, pole," akasema. "Pole sana. Jambo hili haliwezi kuachwa hivi. Tafadhali usikate, naandika. Waraka utatoka leo hii hii kabla hatujafunga ofisi, nakuahidi. Nitasimama mlangoni kwa mkuu mpaka atie saini."

Ningeweza kumchukia kama angekuwa na moyo mgumu. Alikuwa binti mwema, analia kwa ajili ya mtoto wa watu, na alinipa kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo. Baba alirudisha kichwa kwenye mto taratibu.

"Muulize," akasema, "huko kwao theluji imeshaanguka?"

Nikamwuliza.

"Tangu juzi, dada. Tena nyingi."

Baba akafumba macho. "Basi wameshaanza kushuka," akasema.

Waraka ulitoka siku ile ile kama binti yule alivyoahidi, na wilaya yake ikapata alama zote za kasi. Ripoti yetu ilisifiwa. Baba hakuniuliza tena habari za mabomba, wala hakumaliza tena bakuli la uji. Tulimzika kabla ya mwaka mpya, kilimani Qinggou, katikati ya mama na Qiusheng, na majirani walitengeneza shughuli kama desturi inavyotaka, wakamchomea pesa za karatasi na nyumba ya karatasi asipungukiwe na kitu aendako. Nilisimama pale naangalia moto ule, nikijua mama ameshamwuliza, na kwamba mimi ndiye niliyempeleka kwake mikono mitupu.